Mida: Hori ambako ndege wa Siberia huja kunona

Mkenya wa mjini akisema anakwenda Pwani, mara nyingi huwa ana maana ya mambo matatu: hoteli, mchanga mweupe na picha za kuwaringia majirani. Hakuna ubaya. Anayetaka kulala siku nzima chini ya mnazi, na alale. Lakini wewe msomaji, ikiwa likizo ya Desemba inabisha hodi na watoto wamekwisha kuchoka kukodolea macho runinga, kuna mahali karibu kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, kando kidogo tu ya barabara kuu iendayo Malindi, ambapo mabasi hupita mchana na usiku bila abiria kugeuza shingo. Ukipita Kilifi na kuuacha msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kushoto, upande wa kulia nyuma ya minazi na miembe kuna maji. Hiyo ndiyo hori ya Mida.

Hori ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hii ya Mida ina ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi, na ina mlango mmoja tu mwembamba wa kutokea baharini, kati ya Watamu na Uyombo. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna mto unaoingia humo. Hori nyingi za pwani yetu huzaliwa na mito, lakini Mida hunyweshwa na bahari peke yake, pamoja na maji baridi yanayochuruzika chini kwa chini kutoka kwenye ardhi ya matumbawe. Mara mbili kwa siku bahari huingia kupitia mlango ule na kufunika kila kitu hadi kwenye mashina ya mikoko. Mara mbili hutoka, na nyuma yake huacha uwanja mpana wa mchanga na matope yanayong'aa. Mgeni akifika wakati maji yamekupwa huenda akauliza, "Je, ni matope haya tuliyoyafuata kutoka Nairobi?" Ndiyo, ni matope hayo hayo.

Serikali ilitangaza mbuga za baharini za Malindi na Watamu mwaka wa 1968, zikiwa za kwanza za aina hiyo nchini, na mwaka wa 1979 shirika la UNESCO likaliweka eneo hilo katika orodha ya hifadhi zake za viumbe. Ni vizuri uelewe tofauti moja kabla ya kwenda, kwa sababu watoto watauliza. Ndani ya mbuga ya baharini yenyewe, kule kwenye matumbawe, hairuhusiwi kuvua hata dagaa mmoja. Hori ya Mida iko katika sehemu ya hifadhi, na humo wavuvi wa vijijini wanaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi. Kwa hivyo usishtuke ukimwona mzee akitega mshipi mita chache kutoka kwa kundi la ndege, wala usimpigie askari wa wanyamapori simu. Yuko kazini. Nayo mikoko ilihesabiwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka wa 1932, enzi za ukoloni, na haikatwi bila idhini.

Sasa tuje kwa wageni wenyewe.

Kati ya Agosti na Aprili, matope ya Mida hujaa ndege ambao si wa hapa. Wamekuja kutoka kaskazini ya mbali wakikimbia baridi. Yumo kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, kindege cha gramu 60 hivi, ambaye hutaga mayai yake katika nyanda za barafu za Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi. Chukua ramani ya watoto ya shule uwaonyeshe: kutoka kule hadi Mida, hata ukipiga mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 8,000. Yumo sururu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda mithili ya sururu ya kuchimbia barabara, ambaye huutumbukiza kwenye shimo la kaa hadi karibu na macho. Wamo pia heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, ingawa hao huja na kuondoka wapendavyo, na ukiwakosa usilaumu mtu. Yangeyange na korongo ni wenyeji, utawaona mwaka mzima.

Lakini anayeifanya Mida kuwa Mida ni mla kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mnene mweusi ambao hautofautiani sana na koleo la fundi. Chakula chake ni kaa. Humfukuza kwa mbio, humsimamia, humponda na kummeza. Mwenzetu huyu ana tabia ambazo hakuna ndege mwingine wa ufukweni anazo. Anapotaka kutaga, huenda kwenye visiwa na fuo za Bahari Nyekundu, Ghuba ya Uajemi na Somalia, na huko huchimba shimo mchangani kama sungura, akataga yai moja tu, jeupe, ndani ya giza. Joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kinda likikua huletwa huku kwetu na wazazi, na hata baada ya kufika hapa, likiwa limeshakuwa karibu kimo sawa na mama yake, bado hufuata nyuma likilialia lilishwe. Msimame kimya na darubini mwezi wa Oktoba au Novemba mtaliona. Wazazi wenye vijana wakubwa nyumbani watalitambua jambo hili upesi.

Mamia ya ndege hawa hukutana Mida. Si pahali pengi duniani ambapo mtu aliyeshuka kutoka kwenye matatu anaweza kutembea kwa miguu na kuwaona wengi kiasi hicho.

Hapa ndipo inabidi tuzungumze juu ya saa, kwa maana watu wengi wamerudi kutoka Mida wakinung'unika kuwa hawakuona kitu, na sababu ilikuwa moja tu: hawakuuliza maji. Maji yakikupwa kabisa, ndege hutawanyika kwenye matope hadi wakawa nukta tu upeoni. Maji yakijaa kabisa, huruka wote kwenda kupumzika kwenye vilele vya mikoko na sehemu za mchanga zilizobaki. Wakati mzuri ni saa mbili au tatu kabla ya kujaa. Bahari inaingia polepole, uwanja wa chakula unazidi kuwa mdogo, na ndege wanasukumwa kuja upande wako, kundi baada ya kundi, wakila kwa pupa. Katika mwambao wetu, nyakati za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alasiri na alfajiri. Kwa hivyo safari ya Jumamosi yenye mwezi mpevu ipangwe ili mfike horini kwenye saa saba mchana. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa maji mafu, wiki moja baadaye, hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, ingawa hayapandi sana. Kumbuka pia kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko bahari wazi, kwa sababu mlango ni mwembamba. Ukiona hesabu hii ni nzito, mpigie simu mwongozaji wa pale siku moja kabla. Anaijua kama wewe unavyojua saa ya basi lako.

Na mkishafika, kaeni mbali. Nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa siku hizi kila mtoto ana simu yenye kamera, na hakuna kinachomfurahisha mtoto kama kulikimbilia kundi la ndege ili liruke lote kwa pamoja. Picha hutoka nzuri. Lakini mfikirie kitwitwi yule wa gramu 60. Ifikapo Aprili ni lazima awe amejaza mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa sababu mafuta hayo ndiyo petroli yake ya kurudia Siberia. Saa za kula anazopewa na bahari ni chache. Kila anapofurushwa, anaunguza akiba na kupoteza dakika za kula kwa wakati mmoja. Akifurushwa mara moja, atavumilia. Akifurushwa na familia ya saa saba, ya saa saba na nusu na ya saa nane, kila siku ya likizo, hiyo ni hesabu nyingine. Mwaka wa 2024 kitwitwi huyu alipandishwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa sababu idadi yake duniani inashuka kwa kasi. Matatizo yake mengi yako mbali na Mida, katika fuo za nchi nyingine zilizofukiwa na kujengwa. Lakini hapa Mida tunaweza angalau kumwacha ale.

Hivyo basi, ndege wakianza kuinua vichwa wote kwa pamoja na kuacha kula, mmekaribia mno. Rudini hatua kumi. Valieni nguo za rangi iliyopoa, si ile fulana nyekundu ya timu ya Uingereza.

Mikoko nayo ina mambo yake, na kwa watoto wadogo naona huenda ikapendeza kuliko ndege, maana haikimbii. Kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kwa kamba juu ya matope, likipita katikati ya miti hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege kilichoko mwisho, karibu na uwanja wa matope. Daraja hilo hubembea. Watoto watacheka, na watu wazima watashika kamba kwa mikono miwili wakijifanya hawaogopi. Mbao za pwani hazidumu, chumvi na jua huzila, kwa hivyo uliza mapema iwapo liko wazi au linakarabatiwa.

Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na ukiwa na mwongozaji mzuri utajifunza kutofautisha kadhaa kabla ya kufika kibandani. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi iliyopindana kama miguu ya buibui. Mbegu yake huanza kuota ingali inaning'inia mtini, ikawa ndefu kama sigara kubwa ya kijani, halafu hudondoka na kujichoma topeni ikiwa tayari mche. Mchu hauna miguu ya namna hiyo. Mizizi yake huchomoza kutoka matopeni ikielekea juu, mamia kwa mamia, kama penseli zilizopandwa na mwalimu mkali, ili ipate kuvuta hewa. Mwambie mtoto alambe jani la mchu. Atakunja uso, maana mti huo hutoa chumvi kupitia majani. Mkandaa una gome ambalo tangu zamani watu wa pwani walilitumia kwa rangi ya kutilia ngozi na nyavu. Boriti za mikoko zilisafiri kwa majahazi karne nyingi kwenda Uarabuni kuezekea majumba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka wa 1982.

Chini ya miti tazama kaa wadogo wa kiume wenye gando moja kubwa kupita kiasi. Wanalipunga kuita majike na kuwatisha wenzao. Tazama pia wale samaki wenye macho juu ya kichwa wanaoruka topeni kama vyura na kupanda mizizi. Ni samaki kweli, si vyura. Hubeba maji katika mashavu na kupumua pia kwa ngozi.

Utalipa ada, na jambo la ada lastahili kuelezwa. Vijiji vinavyozunguka hori na msitu wa Arabuko-Sokoke si vya matajiri. Wenyeji wengi ni Wagiriama, na kwa miaka mingi waliambiwa wasikate mti, wasitege mnyama, wasivue hapa, bila kupewa chochote badala yake. Mzazi ambaye karo ya sekondari imemshinda, na nyuma ya nyumba yake umesimama msitu wa miti ya boriti, huyo unamwambia nini? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la A Rocha Kenya, ambalo lina kituo chake Watamu, lilianzisha mpango uitwao ASSETS ili pesa za wageni, pamoja na michango mingine, zigeuzwe kuwa karo. Daraja lile ni sehemu ya mpango huo. Familia inayofaidika hutarajiwa nayo kupanda miti na kuacha kuharibu msitu. Si dawa ya umaskini wote wa Kilifi, na haina pesa za kumfaa kila mtoto. Lakini shilingi unayolipa darajani inafika darasani. Kwa hivyo ninapomwona baba aliyenunua soda ya bei ya hoteli bila kuuliza, akisimama kwenye lango la Mida na kubishana na kijana mwongozaji apunguziwe kidogo, huwa natazama kando.

Mwongozaji mchukueni hata kama hamlazimishwi. Vijana wa pale wamefunzwa, wanajua majina ya ndege kwa Kigiriama, Kiswahili, Kiingereza na Kilatini, na wanajua matope yapi hubeba mtu na yapi humzamisha hadi magotini.

Wenye muda na nguvu hupanda mtumbwi. Wakati wa maji kujaa unaweza kupiga kasia kimya kimya katika vijia vya mikoko, mdiria akikupita kama mshale wa buluu. Vipo visiwa pia, kama vile Sudi na Kirepwe, na hicho cha pili kina magofu ya kale. Kwenye mlango wa hori, chini ya maji, kuna mapango wanamoishi tewa, wale samaki wakubwa wenye midomo mipana. Kuogelea huko kwa miwani ya maji ni raha, lakini si mchezo wa kila mtu. Maji yote ya hori hupita katika mlango ule, nayo yanapotoka huenda kwa nguvu za kumbeba mwogeleaji hodari hadi nje. Nenda na nahodha anayejua, wakati maji yametulia kati ya kujaa na kupwa, na watoto wasiojua kuogelea wabaki chomboni.

Kasa huingia horini kula. Wengi wao ni wale wadogo ambao bado hawajafikia umri wa kutaga, na kwao Mida ni malezi. Ni kawaida kasa kunaswa katika nyavu za mvuvi bila kukusudiwa. Zamani aliishia chunguni. Shirika la Local Ocean Conservation la Watamu, lililoanza kazi mwaka wa 1997, lilipatana na wavuvi wapige simu badala ya kisu. Mvuvi hulipwa fidia kidogo kwa muda na wavu wake, kasa hupimwa, huwekwa alama na kurudishwa baharini. Kasa waliorudishwa kwa njia hiyo ni maelfu. Wagonjwa hulazwa katika kituo chao, ambacho wageni hukaribishwa kukitembelea, na kwa mwanafunzi anayetaka kusomea udaktari wa mifugo hiyo ni saa moja isiyopotea bure.

Usidhani, msomaji, kwamba eneo hili likishaitwa hifadhi basi limepona. Mwaka wa 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na hakuna askari angeweza kulizuia lango. Mwaka wa 2024 wakazi wa Uyombo, kule kwenye mlango wa hori, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia kijijini mwao. Mwaka uliofuata macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kuna wanaosema nchi inahitaji umeme, na ni kweli. Lakini ukiwa umesimama pale na kuona jinsi hori yote inavyopumua kupitia koo moja tu, utaelewa kwa nini wavuvi wale walisimama kidete.

Njaa ikiwauma, nendeni Dabaso, upande wa pili wa hori. Huko kikundi cha wanakijiji kilijenga mkahawa wa mbao juu ya nguzo katikati ya mikoko, na hunenepesha kaa katika vizimba kabla ya kuwauza. Agizeni sambusa za kaa. Mimi nasema hakuna sambusa iliyo bora kuliko hizo kutoka Vanga hadi Kiunga, na anayebisha alete zake.

Kwa wanaotoka bara, treni ya kwenda Mombasa imerahisisha mambo tangu mwaka wa 2017. Kutoka Mombasa pandeni matatu ya Malindi na kumwambia utingo awashushe Mida. Mkitaka kulala, Watamu ina vyumba vya kila bei. Magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024, yako karibu kiasi cha kutembelewa asubuhi ile ambayo maji hayawafai. Bebeni kofia, maji ya kunywa katika chupa za kudumu, kwani plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku katika maeneo yote ya hifadhi tangu Juni 2020, na viatu vya zamani ambavyo mama hatavililia vikichafuka. Dawa ya mbu isisahaulike.

Bebeni na tochi. Kati ya Oktoba na Machi jua linapokaribia kuzama, keremkerem wekundu hutoka bara kwa makundi kuja kulala kwenye mikoko, na mtu akishawaona wa kwanza hataki kuondoka hadi wa mwisho atue. Kufikia wakati huo huwa giza, na kutoka pale hadi barabara kuu mnakopatia matatu kuna mwendo wa njia ya mchanga isiyo na taa.